Fedha Haina Jina: Msaada wa Serikali kwa Mtawala Rafiki Unavyofanya Kazi

Mapema mwaka 1980, wiki chache baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, Rais Jimmy Carter wa Marekani aliiahidi Pakistan, iliyokuwa chini ya Jenerali Zia ul-Haq, msaada wa dola milioni 400. Nusu ilikuwa ya kijeshi, nusu ya kiuchumi. Jenerali alizibeza hadharani: hizo ni karanga tu. Kejeli ilikuwa na makali yake, kwa sababu Carter alikuwa mkulima wa karanga kabla ya kuwa mwanasiasa. Mwaka uliofuata Ronald Reagan aliingia madarakani na dau likapanda hadi dola bilioni 3.2 kwa miaka 6. Hapo Zia akakubali.

Anayepewa sadaka hapangi bei. Zia aliipanga, na akaipata. Kwa hiyo tunapoliona neno "msaada" kwenye taarifa ya habari, hasa pale serikali moja inapomsaidia mtawala wa nchi nyingine, tusiharakishe kulisoma kama tunavyolisoma kwa jirani aliyepungukiwa. Wala tusiharakishe kusema "wamemnunua". Kambi hizi mbili hubishana usiku kucha, lakini vichwani mwao zina picha ileile: sanduku la fedha linatoka mkono huu kwenda mkono ule. Picha hiyo ndiyo inayotupoteza. Mara nyingi sanduku halipo, na hata pale lilipo, kilicho muhimu zaidi ni kile ambacho mtawala hahitaji tena kukilipia mwenyewe.

Tuanze na maneno, kwa kuwa nusu ya mkanganyiko imo humo.

Ruzuku ni fedha au mali isiyorudishwa. Mkopo nafuu hurudishwa, ila kwa riba ndogo na kwa muda mrefu. Wasemaji wa serikali huviita vyote viwili "msaada", na mwananchi huja kugundua tofauti miaka 20 baadaye, deni linapodaiwa. Umoja wa Kisovieti, kwa mfano, uliwapa marafiki zake silaha nyingi kwa mkopo. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa Sochi, Rais Vladimir Putin alisema Urusi imezifutia nchi za Afrika madeni ya zaidi ya dola bilioni 20, na sehemu ya madeni hayo ilikuwa bei ya bunduki na vifaru ambavyo wakati huo vilishaota kutu. Deni lenyewe pia linaweza kugeuka kuwa zawadi siku mkopeshaji akiwa na shida: Misri ilipojiunga na muungano wa kuipiga Iraq mwaka 1990, Marekani iliisamehe deni la kijeshi la karibu dola bilioni 7.

Msaada wa kijeshi ni silaha, vipuri, mafunzo, washauri na taarifa za kijasusi. Msaada wa maendeleo ni barabara, zahanati, shule, mbegu, maji, na wakati mwingine fedha zinazoingizwa moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali. Mpaka kati ya hivi viwili una mlinzi wake: OECD, shirika la nchi tajiri linalotunza hesabu za misaada, haliruhusu bunduki kuhesabiwa kama maendeleo. Halafu kuna kodi ya pango, ambayo si msaada hata kidogo ingawa huchanganywa nao. Mwaka 2014 Marekani ilikubali kuilipa Djibouti takriban dola milioni 63 kwa mwaka kwa ajili ya kambi ya kijeshi ya Lemonnier. Huyo ni mpangaji anayelipa pango. Binafsi napenda uwazi wa mkataba wa namna hiyo. Kila mtu anajua nini kinalipiwa.

Vocha ya duka la mtoaji

Sasa tufuate dola moja ya msaada wa kijeshi tuone inakoishia. Mfano mzuri ni Misri. Baada ya makubaliano ya Camp David ya mwaka 1978 na mkataba wa amani na Israel wa mwaka 1979, Marekani ilianza kuipatia Misri msaada mkubwa, na tangu 1987 sehemu ya kijeshi imepangwa kuwa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Ukizidisha kwa miaka yote hiyo unapata mlima wa fedha, na swali linalofuata mitandaoni huwa lilelile: zimeliwa na nani?

Jibu la mshangao ni kwamba sehemu kubwa haikuwahi kutua Cairo. Utaratibu uko hivi. Bunge la Marekani linaidhinisha fedha. Misri inachagua inachotaka kutoka viwanda vya Marekani, na Washington inaridhia. Kisha kiwanda kinalipwa. Kinachovuka bahari ni ndege za F-16, vifaru vya M1A1 au sehemu zake za kuunganishia, na makasha ya vipuri. Ni sawa na jamaa mwenye duka akupe vocha inayokubalika dukani kwake tu. Umesaidiwa, ndiyo, na jiko jipya unalo. Lakini mauzo yameandikwa kwenye daftari lake, na wafanyakazi wanaolipwa mshahara ni wake. Ndiyo maana msaada wa kijeshi una marafiki wengi bungeni kuliko unavyodhani: mbunge mwenye kiwanda cha silaha jimboni kwake anapoupigia kura huwa anawafikiria wapiga kura wake. Hata msaada wa chakula wa Marekani ulizaliwa kwa hesabu hiyohiyo, kwa sheria ya mwaka 1954 iliyotafuta pa kupeleka mazao ya ziada ya wakulima wake.

Mtu atauliza: kama fedha haifiki, mtawala anafaidi nini? Anafaidi sana. Mtawala anayeogopa kupinduliwa ana hadhira moja muhimu kuliko zote, nayo ni majenerali wake. Mkono mtupu haulambwi. Ndege mpya, safari za mafunzo ng'ambo, gwaride lenye vifaru vinavyong'aa: hayo humfanya mkuu wa majeshi afikirie mara mbili kabla ya kuvunja uhusiano unaoyaleta.

Mtoaji naye anapata mnyororo usioonekana, yaani vipuri. Ndege ya kivita isiyo na vipuri ni sanamu la chuma. Rais Anwar Sadat wa Misri aliyaonja hayo alipowafukuza washauri wa Kisovieti mwaka 1972. Miaka iliyofuata alilalamika kwamba Moscow inambania vipuri, na mwaka 1976 akaufuta mkataba wa urafiki. Kuhama kutoka duka moja kwenda jingine humaanisha kuanza upya, marubani na mafundi wote warudi darasani. Hilo huchukua miaka, na katika miaka hiyo jeshi linabaki nusu.

Siyo kwamba mabegi ya fedha ni hadithi tupu. Mwaka 2013 Hamid Karzai, akiwa bado Rais wa Afghanistan, alikiri kwamba ofisi yake ilikuwa ikipokea fedha taslimu kutoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Ila huo ni mfereji mdogo pembeni ya mto. Anayeutazama mfereji tu hataujua mto unakoelekea.

Ada ya shule na pikipiki

Hapa ndipo mahali pagumu zaidi, na ndipo hoja nyingi za hadharani huteleza.

Chukua baba mwenye mshahara wa kutosha jambo moja tu kati ya mawili: ada ya mtoto au pikipiki. Shemeji yake anajitolea kusaidia, lakini ana msimamo: pikipiki hailipii, atalipa ada, tena moja kwa moja shuleni, na risiti anaitaka. Ada inalipwa, risiti inapigwa muhuri, kila kitu safi. Mwezi unaofuata baba anaonekana juu ya pikipiki mpya. Nani kainunua? Kwenye karatasi, ni mshahara wake. Kiuhalisia, shemeji.

Wachumi wana maneno yao marefu kwa jambo hili. Mimi nasema fedha haina jina. Serikali rafiki ikijengewa zahanati na mfadhili, fedha ambazo ingetumia kwa zahanati zinabaki huru kulipa kikosi cha ulinzi wa rais. Ule mpaka unaolindwa na OECD ni wa kweli kwenye vitabu vya hesabu, lakini ndani ya hazina ya mpokeaji fedha zote zinalala kitanda kimoja. Kwa hiyo mfadhili anayesema "sisi hatumpi silaha, tunampa maji tu" anasema kweli kuhusu risiti yake, na hajasema lolote kuhusu pikipiki.

Lakini subiri, maana hoja hii nayo hutumiwa vibaya. Inafanya kazi pale tu ambapo baba angelipa ada hata bila shemeji. Kama hakuwa na nia hiyo, kama angenunua pikipiki na mtoto akabaki nyumbani, basi fedha ya shemeji imempeleka mtoto shule kweli, na pikipiki ingenunuliwa vyovyote vile. Zipo serikali ambazo hazikuwa na mpango wowote wa kuchanja watoto vijijini. Chanjo ya mfadhili huko haikuachia bunduki hata moja, bali iliokoa watoto. Hivyo anayedai kwamba kila msaada wa maendeleo kwa mtawala mbaya ni bunduki iliyofichwa anakosea, sawa na anayedai kwamba risiti safi inamaliza mjadala. Swali la kuuliza ni gumu zaidi: mtawala huyu angefanya nini na fedha zake kama msaada usingekuja?

Njia hii pia hupitika kinyumenyume, fedha ya maendeleo ikawa kilainishi cha biashara ya silaha. Mwaka 1988 Uingereza na Malaysia zilitia saini maelewano yaliyohusisha ununuzi wa silaha za Uingereza na ahadi ya msaada. Baadaye Uingereza ikagharimia bwawa la umeme la Pergau, kaskazini mwa Malaysia, kwa pauni milioni 234. Mtendaji mkuu wa idara ya misaada, Tim Lankester, alipinga kwa maandishi kwamba mradi haulipi kiuchumi. Mawaziri wakapita juu yake. Mwezi Novemba 1994 Mahakama Kuu mjini London iliamua kuwa msaada huo ulivunja sheria, kwa sababu sheria iliruhusu fedha hizo zitumike kwa maendeleo na mradi wenyewe haukuwa wa maendeleo yenye maana kiuchumi. Mwaka 2002 Uingereza ikapitisha sheria inayotaka msaada wake ulenge kupunguza umaskini. Bwawa lipo, linatoa umeme. Kilichoshindwa mahakamani ni sababu iliyolileta.

Nini hasa kinanunuliwa

Vitu vinavyonunuliwa havizidi vidole vya mkono mmoja: mahali pa kuweka askari au meli, kura kwenye Umoja wa Mataifa, amani na jirani fulani, taarifa za kijasusi, na hakikisho kwamba mshindani hatapewa hivyo vinne. Yemen ilijua bei ya kura mwezi Novemba 1990, ilipokataa kwenye Baraza la Usalama azimio lililofungua njia ya kuipiga Iraq; msaada wa Marekani wa karibu dola milioni 70 ukakatwa.

Ila hakuna kisa kinachoonyesha biashara hii wazi kama cha Pembe ya Afrika. Tangu mkataba wa mwaka 1953, Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia aliwapa Wamarekani kituo cha Kagnew, Asmara (Eritrea ya leo), juu ya nyanda za milima, mahali pazuri pa kunasa mawasiliano ya redio. Wao wakamfunzia jeshi na kulipa silaha. Upande wa pili wa mpaka, Somalia ilikuwa imeegemea Moscow: silaha, washauri, mkataba wa urafiki wa mwaka 1974, na bandari ya Berbera wazi kwa meli za Kisovieti. Kila mkubwa na mdogo wake.

Mfalme akapinduliwa mwaka 1974. Mwezi Aprili 1977 mtawala mpya wa kijeshi, Mengistu Haile Mariam, akawafukuza Wamarekani na kukifunga Kagnew, akigeukia Moscow. Miezi mitatu baadaye Siad Barre wa Somalia akaingiza majeshi yake Ogaden, mashariki mwa Ethiopia. Wasovieti wakajikuta na marafiki wawili wanaopigana kwa silaha zilizotoka kwao, wakachagua aliye mkubwa. Tarehe 13 Novemba 1977 Barre akawatimua. Silaha za thamani ya takriban dola bilioni moja zikamiminwa Ethiopia kwa ndege na meli, pamoja na maelfu ya askari kutoka Cuba, na kufikia Machi 1978 Wasomali walikuwa wameondoka Ogaden. Mwaka 1980 Marekani ikasaini makubaliano ya kutumia Berbera, na pamoja na bandari ikarithi njia ndefu ya kurukia ndege iliyojengwa na Wasovieti.

Tazama kilichotokea. Katika miaka mitatu marafiki walibadilishana nyumba, na hotuba kuhusu ujamaa na uhuru zikabadilishwa nazo. Waliokuwa wakisifiwa kama ndugu wa mapinduzi wakawa wasaliti. Ardhi, bahari na mahali pa kambi havikusogea hata hatua moja.

Kisa hiki pia kinaijibu imani iliyoenea sana, kwamba anayetoa ndiye anayeamrisha. Moscow ilimpa Barre karibu kila bunduki aliyokuwa nayo, na bado haikuweza kumzuia asivamie. Sababu ni rahisi: mdogo akijua kwamba mkubwa anaihitaji bandari yake, na kwamba mkubwa mwingine yuko mlangoni na vocha mkononi, kamba inavutwa kutoka pande zote mbili.

Mobutu Sese Seko, mtawala wa Zaire (Kongo ya leo), aliujua mchezo huo kuliko wengi. Wapinzani wake walipoingia jimbo la Shaba mwaka 1977, Ufaransa iliwasafirisha askari wa Morocco kwenda kumwokoa. Waliporudi mwaka 1978, askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji walishuka Kolwezi, mji wa jimbo hilohilo. Mwishoni mwa muongo huo Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, kwenda kuinyoosha Benki ya Zaire. Aliondoka, na mwaka 1982 akaandika ripoti iliyowaambia wakopeshaji kwamba hakuna matumaini ya kuona fedha zao tena. Waliendelea kukopesha. Si kwamba hawakujua kusoma. Zaire ilipakana na Angola, vita baridi vilikuwa vikali, na kambi ya Kamina ilitumika kupitisha silaha kwa UNITA, waasi wa Angola. Ukipima mikopo ile kama maendeleo ilikuwa wazimu, lakini kama ada ya ulinzi ilikuwa ikilipwa kwa wakati. Askari wa kawaida wa Mobutu hawakuwa na bahati hiyo: mwezi Septemba 1991, wakiwa na njaa na mishahara duni, waliasi na kupora Kinshasa. Mwaka 1997 mtawala alikimbia. Deni la mabilioni ya dola lilibaki, na likaanza kudaiwa kwa Wakongo ambao hawakuulizwa lilipokopwa.

Sheria zipo, na zina milango

Msomaji anaweza kuuliza kama hakuna breki. Zipo. Sheria inayoitwa kwa jina la Seneta Patrick Leahy, iliyoanza mwaka 1997, inaizuia Marekani kusaidia kikosi ambacho kuna ushahidi wa kuaminika kwamba kimekiuka vibaya haki za binadamu. Sheria nyingine inataka msaada ukatwe jeshi likiipindua serikali iliyochaguliwa. Lakini sheria hufunguka na kufungwa kwa maneno. Tarehe 3 Julai 2013 jeshi la Misri lilimwondoa Rais Mohamed Morsi aliyechaguliwa. Serikali ya Marekani ilikwepa kabisa kulitamka neno "mapinduzi", maana neno hilo moja lingefunga bomba. Mwezi Oktoba ilizuia ndege na vifaru kadhaa. Machi 2015 ikaviachia.

Niger haikupata upole uleule. Serikali ilipinduliwa Julai 2023, na ilipofika Oktoba Marekani ikalitamka neno. Lakini hata hapo ilisita kwa zaidi ya miezi miwili, na sababu ilikuwa jangwani: kambi ya droni ya Agadez, iliyojengwa kwa dola zaidi ya milioni 100. Miongoni mwa viongozi wa kijeshi waliokaa mezani na wajumbe wa Marekani alikuwa Jenerali Moussa Barmou, aliyefunzwa Marekani. Mwezi Machi 2024 watawala wapya waliufuta mkataba wa kijeshi, na kufikia Septemba askari wa Marekani walikuwa wameondoka. Mafunzo hutoa askari anayekufahamu. Hayatoi askari anayekutii.

Na Pakistan? Majeshi ya Kisovieti yalimaliza kuondoka Afghanistan mwezi Februari 1989. Tangu 1985 kulikuwa na sheria ya Marekani iliyomtaka rais athibitishe kila mwaka kwamba Pakistan haina bomu la nyuklia, na kila mwaka wakati wa vita uthibitisho ulitolewa. Mwezi Oktoba 1990, Wasovieti wakiwa wameshaondoka, Rais George Bush alishindwa kuthibitisha. Msaada ukakatika. Ndege 28 za F-16, ambazo Pakistan ilishazilipia mamia ya milioni ya dola kutoka mfukoni mwake, hazikupelekwa. Zikaegeshwa kwenye jangwa la Arizona. Mabishano yalidumu miaka 8. Mwishoni mwa 1998 Marekani ilikubali kulipa, zaidi ya dola milioni 320 kwa fedha taslimu na kiasi kilichobaki kwa bidhaa. Sehemu ya bidhaa hizo ilikuwa ngano.